Injini kuukuu ya boti imegoma: pima kwanza, spea baadaye

Haipiti wiki bila pikapu kusimama mbele ya kibanda chetu hapa Kariobangi, injini ya boti imelazwa nyuma juu ya magunia. Wapita njia hucheka: Nairobi na boti wapi na wapi? Bwawa la Nairobi, lililojengwa 1953, ambako zamani watu walitweka matanga, siku hizi ni magugu maji na taka. Lakini spea ziko Nairobi na mafundi wako Nairobi, basi injini za Naivasha, za Homa Bay, hata za Lamu, hupandishwa huku kutibiwa.

Mwenye injini akifika huwa ameshanunua kitu. Plagi mpya, kabureta ya mtumba, au koili ya Kirinyaga Road, mtaa wa spea, kwa bei ya kuumiza. Hakuna aliyepima. Ukiifungua unakuta pointi, vile vigusano vya umeme wa kuwashia, zimeshika kutu, au tangi halipumui, au imenyweshwa mchanganyiko wa injini nyingine. Na kuna malalamiko ambayo si ya injini hata kidogo: ni ya kuipimia Nairobi, mita 1,795 juu ya bahari, ndani ya pipa. Nitayafikia.

Haya yote ni ya injini za zamani za viharusi viwili, zile zinazochanganyiwa oili kwenye petroli. Za viharusi vinne zina mambo yake.

Hujui ni injini gani

Usicheke, hii ndiyo dalili ya kwanza. Usiamini kifuniko wala rangi. Nimepokea Johnson iliyopakwa buluu na kubandikwa stika za Yamaha, na mwenyewe akaapa kuwa ni Yamaha maana ndivyo alivyouziwa.

Johnson na Evinrude ni ndugu. Tangu 1936 zilikuwa chini ya kampuni moja ya Marekani, kwa hiyo spea nyingi za ndani zinaingiliana. Tafuta kibati kwenye klampu inayoshika tezi la boti. Kikiwa kimeng'oka, tazama ubavuni mwa bloku kifuniko kidogo cha chuma, duara kama sarafu. Modeli nyingi zimegongwa namba pale. Kwa zilizotoka kuanzia 1980 mwaka umefichwa katika neno INTRODUCES: I ni 1, N ni 2, T ni 3, R ni 4, O ni 5, D ni 6, U ni 7, C ni 8, E ni 9, S ni 0. Kwa kawaida unaiacha herufi ya mwisho kabisa ya modeli na kusoma mbili zinazoitangulia. CE ni 1989.

British Seagull huhitaji kibati kuijua. Tangi la shaba au plastiki limekaa juu, bomba refu jembamba linashuka majini, na kamba unaizungushia flaiwili, gurudumu zito la juu, kwa mkono kila unapowasha. Zilitengenezwa Poole, Uingereza, mpaka 1996. Namba yake imegongwa kwenye tumbo la injini, chini ya silinda. Ipige brashi ya waya taratibu, usiikwangue na patasi.

Kwa nini nahangaika na majina? Kwa sababu ya oili. Yamaha Enduro na Johnson nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hutumia 50 kwa 1, yaani mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli. Johnson za miaka ya 1950 hutaka 24 kwa 1, kama mililita 210 kwa lita hizo hizo 5. Seagull za zamani ni 10 kwa 1: nusu lita nzima! Za baadaye zilishuka hadi 25 kwa 1, lakini kama hujui yako ni ipi, anza na 10. Itatoa moshi kama tanuri la makaa, lakini haitakufa.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuua moja. Kulikuwa na mtungi uliobaki wa Enduro, nikaona uvivu kuchanganya upya, nikaumimina kwenye Seagull ya mteja. Ilinguruma vizuri kama dakika 20. Kisha sauti ikaanza kuwa nzito, kama mtu anayepanda ngazi na gunia la viazi, ikapunguza mwendo yenyewe, ikasimama. Nilipovuta kamba haikusogea. Beringi za krankishafti (shafti inayozungushwa na pistoni) ya Seagull ni bushi tupu, hazina vigololi. Oili ikipungua, chuma kinasugua chuma. Nililipa mimi.

Oili yenyewe iwe ya injini za boti, iliyoandikwa TC-W3. Ile ya misumeno ya nguvu imetengenezewa injini zinazopozwa na hewa.

Kamba haivutiki kabisa

Toa plagi kwanza. Ikivutika sasa, silinda ilikuwa na petroli au maji. Ikiwa bado imekwama, mimina oili nyepesi kwenye tundu la plagi, funika, iache siku mbili au tatu, kisha jaribu kuzungusha flaiwili kwa mkono, mbele na nyuma, milimita kwa milimita. Anayeweka bomba refu kwenye spana na kukandamiza huvunja ringi za pistoni, na ringi za injini ya 1958 si za kupata kwa urahisi hapa mjini.

Kamba inavutika, injini haiwaki

Vuta mara sita choki ikiwa imefungwa, kisha toa plagi uitazame. Imelowa, petroli inafika, shuku moto, yaani cheche ya plagi. Imekauka, shuku mafuta. Sekunde kumi hizo zingeokoa pesa nyingi zinazomwagwa Kirinyaga Road.

Ya kulowa: chomeka plagi kwenye kofia yake, gusisha chuma chake kwenye bloku mbali na tundu la silinda, vuta kamba kwa nguvu. Usiridhike na cheche nyekundu inayoonekana gizani tu. Ndani ya silinda kuna mgandamizo na moto hupata shida kuruka. Nje, moto mzuri unaruka mwanya wa milimita 6, wa buluu, na unausikia ukialika. Kama hakuna, kabla ya kulaumu koili, chomoa waya wa swichi ya kuzimia ujaribu tena. Swichi iliyoshika kutu huzima injini siku nzima bila mtu kuigusa.

Bado hakuna? Fungua flaiwili, kwa pula, kifaa cha kuing'olea. Usigonge flaiwili kwa nyundo, utavunja sumaku au kupinda ncha ya krankishafti. Chini yake utakuta pointi, kondensa na koili. Injini iliyolala stoo miaka mitano, naweka dau kwenye pointi: nyuso zake hupata utando wa kijivu usiopitisha umeme. Pitisha msasa laini kidogo tu, halafu kipande cha karatasi ngumu kilicholoweshwa petroli, kisha kikavu, mpaka kitoke cheupe. Mwanya uwe milimita 0.5 pointi zikiwa wazi kabisa. Kipimo hicho kinatosha kwa Johnson nyingi za zamani na kwa Seagull zenye pointi. Hapo hapo tazama koili. Za Johnson za miaka ya 1950 hupasuka ngozi yake kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi, na iliyopasuka haina dawa, badilisha.

Moto upo lakini injini inapiga teke na kurudisha moto kwenye kabureta? Angalia ufunguo mdogo unaoshikilia flaiwili kwenye shafti. Ukikatika nusu, flaiwili inahama na moto unafika wakati usio wake.

Plagi yenyewe nunua kwa namba, si kwa sura. Enduro nyingi hutumia familia ya NGK B7HS. Za bodaboda, kama D8EA, uzi wake ni milimita 12 na hizi zetu za B7HS ni 14. Muuza duka atakwambia "inaingia tu, mzee". Itapwaya tu, haishiki uzi.

Ya kukauka: anza kwenye tangi, si kwenye kabureta. Petroli iliyokaa miezi hunuka kama rangi ya viatu na huacha gundi. Petroli iliyochanganywa mafuta ya taa nayo tumeiona sana. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe kabla hujatia oili. Petroli safi hukauka na kupotea. Ikiacha doa la mafuta, mrudishie aliyekuuzia.

Halafu kuna mtego wa Johnson na Evinrude za miaka ya 1950. Tangi lake lina mpira wa njia mbili: mmoja unapeleka hewa ya shinikizo kutoka injini kwenda tangini, wa pili unarudisha petroli. Injini haina pampu ya mafuta. Mtu akipoteza tangi la asili anachomeka mpira wa kawaida wenye balbu ya kufinya, inawaka kidogo, inakata, halafu analaumu kabureta. Ama tafuta tangi lake, ama weka pampu ndogo ya mafuta na uzibe vizuri njia ya pili. Na tangi la asili likiwepo, punguza shinikizo kabla ya kuchomoa mpira, la sivyo utaoga petroli.

Inawaka, kisha inakata baada ya dakika chache

Fungua skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi. Ndiyo, hiyo tu. Sitasema ni wateja wangapi wamesafiri kutoka Naivasha kwa ajili ya skrubu hiyo. Petroli ikitoka bila hewa kuingia, tangi linajinyonya. Ukifungua kifuniko unasikia "fyuu".

Balbu ya kufinya inakupa habari pia. Ikinywea na kukaa bapa, kuna kizuizi upande wa tangi, au ni skrubu ile ile. Isipokaza hata ukifinya mara 20, hewa inaingia mahali kwenye mpira, au sindano ya kabureta haifungi na petroli inafurika. Kabureta za zamani zina kielezi, boya dogo la ndani, cha koki, ile ya vizibo vya chupa. Vanishi yake ikiisha, koki inakunywa petroli na kuzama, na kabureta inamwaga bila kukoma.

Sasa kuhusu pipa. Sisi hujaribu injini ndani ya pipa la lita 200 lililokatwa juu, ubao umefungwa ukingoni. Injini inatoa moshi wake majini, moshi unapanda pale pale, na kabureta inauvuta tena. Baada ya dakika kadhaa inaanza kukohoa, inazima. Fundi mgeni anafungua kabureta. Wala haina neno; imekosa hewa safi, kama mtu aliyejifunika blanketi gubigubi. Toa pipa nje kwenye upepo, si ndani ya kibanda, maana moshi huo utakuua wewe kabla ya injini. Propela pia itoe, au weka gurudumu la kujaribia: propela inapiga maji ya pipa mpaka yanakuwa povu, na pampu haiwezi kuvuta povu.

Inakwenda choki ikivutwa tu

Hapa Nairobi dalili hii ina uzito kuliko Mombasa. Hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo injini iliyosetiwa pwani inapata petroli nyingi kupita kiasi. Ikiwa hapa juu bado inaomba choki ili iishi, basi kuna tundu la mafuta lililoziba kweli kweli, au hewa inaingia kwa wizi. Safisha jeti, vile vitundu vya kupimia petroli, kwa hewa ya kompresa na dawa ya kabureta. Ukitia waya wa chuma utaitanua jeti. Kisha, injini ikinguruma pole pole, paka oili kwa brashi kuzunguka gasketi ya kabureta na maungio ya tumbo la injini. Mlio ukibadilika ulipopaka, umepata tundu. Usipopata, shuku sili za krankishafti. Hiyo ni kazi ya siku mbili, jipange.

Moshi mwingi, plagi nyeusi, haina nguvu

Mzee mmoja aliniletea Johnson aliyoitumia Kilifi miaka mingi bila shida. Alihamia Naivasha nayo, na tangu siku hiyo ni moshi, plagi zinalowa kila baada ya saa moja, boti haipandi juu ya maji. Mafundi wawili walishabadilisha ringi na bado.

Shinikizo la hewa la Nairobi ni kama asilimia 80 ya lile la pwani, na Naivasha iko juu zaidi kidogo ya Nairobi. Kabureta ya zamani haijui hilo. Inaendelea kumwaga petroli ya Kilifi ndani ya hewa ya Bonde la Ufa. Nguvu karibu moja kwa tano inapotea kwa sababu ya hewa tu, hata kila kitu kikiwa sawa, na ukiongeza petroli ya ziada inapotea zaidi.

Johnson na Evinrude nyingi za zamani zina vipini viwili vya kurekebisha petroli usoni: cha mwendo wa pole na cha mwendo wa kasi. Funga kila kimoja taratibu mpaka kiguse, usikaze, kisha fungua mzunguko mmoja kama pa kuanzia. Injini ikishapata joto, na ikiwa na mzigo majini, funga cha kasi kidogo kidogo mpaka isafike, halafu rudisha nyuma nukta moja. Cha pole vile vile. Kabureta zenye jeti isiyorekebishika zinahitaji jeti ndogo zaidi. Propela yenye mkunjo mdogo pia itasaidia boti kuinuka.

Yule mzee tulimaliza kazi yake kwa bisibisi, na nikamwandikia kwa rangi nyeupe ndani ya kifuniko: HII NI YA NAIVASHA. Siku akiirudisha Kilifi bila kufungua vipini, injini itakosa petroli, pistoni itapata moto na kutoboka. Moshi unaudhi tu. Kukosa petroli kunaua, na huko ndani hakuna anayekuonya.

Kipimo cha mgandamizo nacho hudanganya kwa sababu hiyo hiyo. Silinda inayosoma psi 120 Mombasa itasoma kama 95 hapa, na ni ile ile. Fundi akikwambia silinda imechoka, muulize alilinganisha na nini. Mimi naangalia zaidi tofauti kati ya silinda mbili za injini moja: ikizidi sehemu moja kwa kumi, nafungua kichwa.

Maji hayatoki, au injini inapata moto

Kamwe usiiwashe kavu, hata "kusikia mlio tu". Impela ya mpira, ile pangaboi ya pampu ya maji, hulainishwa na maji. Sekunde chache kavu zinatosha kuichoma mabawa. Injini iliyokaa muda mrefu, badilisha impela bila kubishana: mabawa yake hubaki yamelala upande mmoja na hayanyooki tena. Za Naivasha na ziwa Victoria, tazama pia kichujio cha kuingizia maji mguuni. Magugu maji na matope huziba pale. Za pwani huziba chumvi ndani ya bloku.

Si kila injini ya zamani ina tundu la kuonyesha maji. Dondosha matone ya maji juu ya kichwa cha silinda: yakichemka na kuruka papo hapo, zima.

Injini inalia, boti haiendi

Pini ya propela imekatika. Imewekwa laini makusudi ikatike yenyewe ili gia zipone. Usiweke msumari wa inchi nne badala yake. Utakapogonga gogo, zitakazokatika ni gia. Pini zikiwa nzima, chora mstari wa rangi kutoka kitovu cha propela hadi kwenye bawa, nenda majini, rudi. Mistari ikiachana, mpira wa ndani umeteleza. Beba pini tatu na makasia daima. Injini ikikufia Naivasha jioni karibu na mafunjo, viboko hawatangoja umalize kutafuta tatizo.

Oili ya gia ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Toa propela kwanza: mara nyingi uzi wa nyavu umejizungusha nyuma yake na kukata sili. Seagull ndiyo pekee ninayoisamehe, giaboksi yake huingiza maji kidogo hata ikiwa nzima. Badilisha oili mara kwa mara na uendelee.

Imezama

Ikiwa ilizama inakwenda, usivute kamba kwa nguvu. Maji hayagandamizwi, na kono la pistoni huenda limepinda. Zungusha kwa mkono. Ikizunguka laini, toa plagi, pindua injini maji yatoke, suuza kwa maji yasiyo na chumvi ikiwa ilizama baharini, mimina oili kwenye silinda, zungusha tena, kausha magneto (koili na pointi za chini ya flaiwili), na uiwashe ndani ya saa chache. Kutu huanza pale hewa inapokutana na chuma kilicholowa.

Ndiyo maana mwaka jana, mteja aliponipigia kutoka Naivasha kuwa ameopoa Enduro yake jioni na angeileta kesho kutwa, nilimwambia airudishe majini.

Akanyamaza. "Fundi, umesema niirudishe?"

"Ziwani, au ndani ya pipa lililojaa maji safi. Izame yote. Uitoe siku ya kupanda gari."

Ilifika imefungwa ndani ya pipa la plastiki, inamwagika maji barabara nzima kuanzia Limuru. Iliwaka siku hiyo hiyo.